Kahawa, Mbwa Tuliyemfunga Mnyororo

Nakumbuka Jumapili moja tumetoka kanisani, nikamkuta jirani yetu, Mwalimu Elia, amekaa kwenye benchi la mbele ya nyumba yetu, na miguuni pake amelala mbwa wake wa rangi ya kahawia mwenye doa jeupe kifuani. Upendo, binti yake wa miaka saba, alikuwa amelaza kichwa mgongoni kwa mbwa yule kama mtu aliyelalia mto, anachezea sikio lake. Mwalimu alikuwa amekuja kutuaga. Alipata uhamisho wa kwenda Mtwara, na nyumba aliyopangiwa kule ilikuwa na uwanja wa kuchangia na watu wasiotaka mbwa. Alikuja kutuomba tumchukue Kahawa.

Mwanangu, nimesikia unataka kuleta mbwa wa aina hiyo hiyo nyumbani kwako, hawa mnaowaita pitibuli. Mdogo wako amenionyesha picha yake kwenye simu, kitoto kinene, uso wa mviringo, na wanao wameshaanza kugombania jina la kumpa. Sikukatazi. Ila weka simu chini kidogo, nikueleze yaliyoipata nyumba yetu, halafu uamue mwenyewe.

Wakati huo wewe ulikuwa hujazaliwa, na tulikuwa tunakaa Somanda, hapa hapa Bariadi. Nywele zangu zilikuwa nyeusi zote. Wanangu pacha, Kulwa na Doto, walikuwa hawajaanza shule, na mume wangu Mabula alikuwa ndiyo kwanza amefungua mashine ya kukoboa mpunga nyuma ya nyumba. Mwalimu Elia alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mpole, aliyejifunza kusalimia kwa Kisukuma mpaka wazee wa mtaa wakawa wanamtania kwamba atafutiwe ng'ombe, awe Msukuma kamili. Kahawa alimleta akiwa mdogo wa kubebwa mkono mmoja, nasi tukamwona anakua mpaka akawa na kifua kipana na taya ambazo mgeni akiziona anasimama pale getini, haingii.

Lakini aliyemjua alikuwa haogopi. Mwalimu alimlea kama unavyolea mtoto unayetaka akae na watu. Kila jioni alimpitisha barabarani, kwenye bodaboda na mikokoteni, sokoni pembeni, mahali penye kelele, ili azoee. Wageni wakija alimketisha kwanza, ndipo wamsogelee. Alikuwa na maneno machache tu: kaa, njoo, acha. Na watu wote wa nyumba ile, hata mama Upendo aliyekuwa hapendi mbwa, walitumia maneno hayo hayo. Mbwa akitii anapewa kipande cha kitu na kusifiwa. Sikuwahi kumwona mwalimu ameshika fimbo.

Jumapili ile alituambia yote. "Mama Kulwa, huyu si mbwa wa kutishia watu," alisema. "Ni mbwa wa kuishi naye. Ana nguvu nyingi, na nguvu zake zinataka kazi. Mtembezeni asubuhi kabla jua halijawa kali, na jioni tena. Akila, watoto wakae mbali. Na hata akiwa mwema namna gani, usimwache mtoto mdogo naye peke yake. Mimi mwenyewe Upendo simwachi."

Alimgeukia Mabula akamkumbusha habari ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kila mwaka, asisahau. Mabula alikuwa anaitikia, ndiyo mwalimu, sawa mwalimu, huku macho yake yako kwenye kile kifua. Walipoondoka, Upendo analia mpaka anakosa pumzi, mume wangu aliniambia, "Sasa nani atathubutu kusogelea mashine yangu?"

Miezi ya kwanza tuliishi vizuri. Mimi nilimtembeza asubuhi nikienda kuchota maji, Mabula jioni. Pacha walimpenda. Akishaambiwa kaa, alikaa mpaka nicheke, macho yananitazama kama mtu anayesubiri kusikia habari njema.

Kisha wezi wakaja. Walivunja kufuli la mashine wakabeba mota na magunia ya mpunga ya wateja. Kahawa alikuwa amelala barazani upande wa mbele. Kama alibweka, hatukusikia. Pengine aliona ni wateja tu, maana wateja walikuwa wanaingia na kutoka pale kila siku naye kazoea. Asubuhi watu walijaa uani kututazama kama tuna msiba, na rafiki mmoja wa Mabula akasema kwa sauti, "Bwana, kumbe umefuga mbuzi mwenye meno!" Watu wakacheka. Nilimwona mume wangu anacheka nao, lakini kicheko hakikufika machoni.

Siku hiyo hiyo alinunua mnyororo.

Akamfunga Kahawa kwenye nguzo ya mashine. Akakataza pacha wasimsogelee, wageni wasimshike, mimi nisimtembeze. Mwalimu mmoja wa mtaani, asiyefundisha shule yoyote, alimwambia mbwa mkali hupatikana kwa kunyimwa chakula na kuchokozwa. Basi vijana waliokuwa wakileta mpunga wakaruhusiwa kumrushia mabua na kumgongea debe. Mwanzoni Kahawa aliona ni mchezo, akawa anatikisa mkia. Baadaye akaacha kutikisa. Baadaye tena akaanza kuruka mpaka mnyororo unamrudisha chini kwa kishindo, na wale vijana wanashangilia, na mume wangu anasema, "Ehee, sasa umekuwa mbwa."

Mimi nilisema, mwanangu. Nilimwambia, "Baba Kulwa, huyu mnyama tulipewa akiwa na adabu. Tutamjibu nini mwalimu?" Akaniambia nishughulike na watoto wangu. Nikashughulika na watoto wangu. Sufuria ya ugali na dagaa nikawa naisukuma kwa mti, nimesimama mbali, kwa sababu mimi niliyekuwa namfuta tope miguuni sasa nilikuwa namwogopa.

Mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka kijijini Ipililo, na mfuko wa michembe, viazi vitamu vya kukausha, kichwani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alikaa siku mbili anaangalia tu. Ya tatu, Mabula akiwa anakunywa uji, akamwonyesha pale kwenye nguzo, ambapo udongo ulikuwa umechimbika duara kwa miguu ya mbwa anayezunguka mahali pamoja.

"Mabula," alisema, "ni nani aliyefanya kosa hapa mpaka akafungwa?"

"Mayu," Mabula akamjibu mama yake, "ni mbwa wa ulinzi. Mambo ya mjini ni tofauti."

"Baba yako alikuwa na mbwa. Walikuwa wanamfukuza fisi mpaka mtoni, na wewe ulijifunza kutembea umeshika shingo zao. Hakuna aliyewafunga, hakuna aliyewachokoza. Walijua nani wa nyumbani na nani fisi, kwa sababu walikuwa wanaishi nasi. Huyu unamfundisha kwamba kila mtu ni fisi. Siku akishaelewa unachomfundisha, hatakuja kukuuliza amshike nani."

Mabula alisema, "Nimesikia, mayu." Kusikia alisikia. Bibi alirudi Ipililo, na mnyororo ukabaki pale pale.

Mvua za masika zilikuwa zimeisha wakati Mwalimu Elia alipopita Bariadi, yuko njiani kwenda Mwanza kwa shughuli za ndugu yake. Hakutuambia kama anakuja, alitaka kutufurahisha. Niliposikia hodi nikatoka, nikamkuta yeye, mama Upendo, na Upendo mwenyewe, amerefuka, amevaa gauni la njano. Tulikumbatiana, tukaulizana habari. Nilikuwa nageuka kutafuta viti. Muda wenyewe ndio huo, wa kugeuka tu.

Mtoto alikuwa ameshazunguka nyumba. Nilisikia sauti yake, "Kahawa! Kahawa wangu!" kwa furaha ambayo mpaka leo sijaisahau. Nikaangusha kiti nikakimbia. Nilipofika kona nilimwona amekunjua mikono anamrukia shingoni, na mbwa alikuwa na kichwa ndani ya sufuria, anakula chakula chake cha kwanza tangu jana yake.

Kahawa alimshika mkono kwa meno, hapa juu ya kiwiko, akamwangusha.

Mabula alitoka kwenye mashine, akachukua mti akaanza kumpiga mbwa mgongoni, na kila alivyompiga ndivyo taya zilivyozidi kubana. Mimi napiga kelele, mama Upendo anamwita mtoto wake. Mwalimu akafika. Hakushika mti wala jiwe. Alisimama, akasema kwa sauti yake ile ya zamani, "Kahawa. Acha."

Akaacha, mwanangu. Papo hapo. Alifungua mdomo, akarudi nyuma, akaketi. Damu iko mdomoni na masikio yamelala, anamtazama mwalimu huku anatetemeka mwili mzima. Adabu ile aliyofundishwa akiwa mdogo ilikuwa bado imo ndani yake, muda wote aliokuwa kwetu. Hakuna aliyekuwa amemwambia neno lolote kati ya yale tangu alipofungwa.

Mwalimu alimbeba mtoto wake. Hakumtazama mume wangu.

Hospitali walimsafisha kidonda kwa maji mengi na sabuni kabla ya dawa yoyote, kisha wakatuuliza chanjo ya mbwa. Nilimwangalia Mabula. Mabula aliangalia sakafu. Kwa hiyo juu ya maumivu yote, binti yule alianza sindano za kujikinga na kichaa cha mbwa, ambazo si moja wala si mbili, na safari yao ikaishia palepale. Walikaa gesti karibu na hospitali. Walikataa kulala kwetu. Nilipeleka chakula kila siku, mama Upendo akawa anapokea mlangoni na kusema asante.

Siku moja mtoto alikuwa macho. Akaniuliza, "Mama Kulwa, kwa nini Kahawa hakunijua?" Akasema mwenyewe, "Msimuue. Alikuwa na njaa."

Mtu wa mifugo aliagiza mbwa aangaliwe kwanza, asiuawe, ili ijulikane kama ana ugonjwa. Hakuwa nao. Lakini majirani walikuwa wameshachoka naye, na kwenye kikao cha mtaa hakuna aliyemtetea. Kila mtu alikuwa na habari yake ya jinsi alivyorukiwa, hata wale vijana wa debe. Mwalimu aliitwa aseme. Alisema angeweza kumrekebisha kama angekuwa na muda na mahali, na kwamba hana vyote viwili. Akakaa chini, akaweka mikono usoni.

Basi mtu wa mifugo alikuja na sindano yake. Mabula alisema atamshika mwenyewe. Alipofungua mnyororo ili amlaze vizuri, manyoya yalikuwa yameisha shingoni na nyama imechubuka, kidonda cha zamani kilichozunguka shingo nzima. Mume wangu hakukijua, kwa sababu kwa miezi yote ile hakuwa amemgusa kwa mkono. Akabaki ameshika mnyororo hewani. Kahawa alimlamba kidole. Nilimwona Mabula analia, mwanamume aliyezika baba yake bila kutoa chozi mbele za watu.

Kahawa tulimzika kando ya shamba letu la pamba.

Mwalimu na familia yake walirudi Mtwara mtoto alipopata nafuu. Mabula aliomba msamaha, na mwalimu akampa mkono, nami naamini alisamehe. Ila hawakuja tena. Upendo sasa ni mtu mzima. Mama yake aliniambia kwa simu, mara moja tu, kwamba akikutana na mbwa barabarani huvuka upande wa pili, na kwamba nguo za mikono mifupi havai. Mtoto yule aliyekuwa analala mgongoni kwa mbwa! Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba tulimnyang'anya kitu alichokuwa akikipenda bila hofu.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukitaka mbwa huyu, mchukue akiwa mdogo na umzoeshe watu na kelele mapema, kabla hajakua. Mkubaliane nyumba nzima maneno ya kumwambia, yawe machache na yawe yale yale, na akitii mfurahie. Usimpige. Mtembeze hata siku umechoka, maana uchovu wako si kosa lake. Mpe maji ya kutosha na kivuli, jua letu la hapa unalijua. Chanjo usiiahirishe. Wafundishe wanao kumwacha mbwa anapokula na anapolala, na uwepo mwenyewe wanapocheza naye. Jenga uzio, si kwa ajili ya kumtenga na dunia, bali ili jirani yako alale kwa amani. Na jirani huyo mwite, amjue mbwa na mbwa amjue yeye.

Kama unachotaka ni ulinzi, nunua kufuli zuri na taa ya uani. Usichukue kiumbe kinachokupenda ukakitia ukali kwa sababu watu wamekucheka. Waliotucheka siku ile ya wezi, hata majina ya baadhi yao nimeyasahau.

Na ukiona kazi hii ni kubwa kuliko nafasi uliyonayo sasa, sema mapema, ukiache kitoto kile kipate nyumba nyingine. Hakuna aibu hapo.

Mungu akupe subira ya kulea unachokileta nyumbani, kiwe mtoto au mnyama. Uani kwako pasikike vicheko, na kila agusaye mlango wako aingie salama na atoke salama. Wanao wakue hawajui hofu ndani ya nyumba ya baba yao. Wabeja, mwanangu, kwa kunisikiliza.