Majani Juu ya Ndoo ya Shangazi

Juzi nilimwona shangazi akijifunza kusimama tena baada ya kiharusi, kiganja chake kikiwa ukutani, na ghafla nikakumbuka harufu ya tope la majaruba ya mpunga kule kijijini Kakese.

Mchana mmoja, nikiwa bado mtoto, tulikuwa tunawapelekea wapanda mpunga maji ya kunywa. Yeye alipita juu ya tuta jembamba, ndoo kichwani bila kuishika, akinisimulia harusi ya jirani. Mimi nilimfuata na kindoo changu kichwani. Kabla hatujaondoka alikuwa ameweka majani mabichi juu ya maji yetu sote wawili, nami niliamini hiyo ndiyo dawa inayoshika ndoo isianguke.

Katikati ya tuta majani yangu yakadondoka. Nikasimama, nikaanza kuitazama miguu yangu.

"Shangazi, dawa yangu imeanguka!"

Alicheka, na hata tone moja la maji yake halikumwagika. "Majani yanazuia maji yasirukeruke tu. Usiangalie miguu, angalia mbele. Mwili unajua."

Nikakazia macho mgongo wake, nikafika.

Siku hizi najua kwamba ndani ya sikio kuna maji mengine, kidogo sana, yanayocheza kila kichwa kinapoinama. Nyayo nazo hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo huurekebisha mwili kabla hatujawaza. Najua, na bado nashangaa kwamba hayo yote yalikuwa yakitendeka huku shangazi anasimulia harusi.

Juzi aliuachia ukuta, akayumba, akatazama miguu.

"Angalia mbele, shangazi," nikamwambia.

"Niwekee majani kwanza."

Akacheka, na hakuanguka.