Kitabu cha Herufi Nilichokikata

Asubuhi ile Mjomba Kioko aliponiambia nikikate kitabu cha mwalimu, ilinipasa kumkatalia. Tulikuwa nyuma ya duka lake la kuchora vibao, hapa Masii, na harufu ya rangi na tapentaini ilikuwa imetukaa hata kwenye chai. Nilikuwa kidato cha pili, tumefunga shule. Mwalimu Ndinda, aliyetufundisha sanaa, alikuwa ameniazima kitabu chake kinene kuhusu herufi na upangaji wa kurasa. Nikisome chote, tukifungua aniulize maswali. Akiridhika, anipeleke Nairobi kwa kaka yake, aliyekuwa akipanga vitabu katika kiwanda cha uchapaji, nikafundishwe kazi. Sikuwa nimetamani kitu kingine maishani kama hicho.

Mwenye hoteli alitaka kibao kabla ya siku ya soko. Herufi za karatasi ambazo mjomba alizoea kuziweka juu ya bati na kuzizungushia penseli zilikuwa zimelika kingo kwa uzee. Akakifunua kitabu changu.

“Hizi herufi ziko kubwa, ziko safi. Kata.”

“Mjomba, sijamaliza kusoma.”

“Herufi unazijua tangu darasa la kwanza. Unasoma nini tena?”

Nikachukua wembe. Tulipanga neno HOTELI kwa rula, nafasi sawasawa kila mahali, tukapaka rangi nyekundu. Kibao kilipoinuliwa, T na L zilionekana zimetengwa na wenzao. Mwenye hoteli alikitazama sana. “Kioko, hii ni hoteli ama ni watu sita wamekosana?” Mjomba akanigeukia mimi, eti ndiye msomi. Nikakimbilia kitabu, nikaona kwenye yaliyomo kwamba kuna sura nzima ya nafasi kati ya herufi, jinsi ya kuipima kwa jicho. Nilipoifungua nikakuta matundu. Maelezo yalikuwa nyuma ya herufi zilezile nilizokata, na karatasi zenyewe mjomba alikuwa ameshazipangusia brashi.

Tulipofungua shule, mwalimu alikipekua polepole.

“Umesoma mpaka wapi?”

“Mpaka hapo, mwalimu.”

“Hapo wapi? Hapa hakuna kitu.”

Nikamwambia ni mjomba. Akaniuliza wembe ulishikwa na nani. Habari ya kaka yake hakuitaja tena, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Sasa mjukuu wangu Mwende anasomea usanifu wa michoro chuoni Machakos. Amepewa orodha ya vitabu vya kusoma na hajafungua hata kimoja. “Babu, kompyuta inapanga yenyewe,” ananiambia, huku bango alilolitengenezea kanisa letu halisomeki ukiwa ng’ambo ya barabara. Nimechoka kubishana naye. Namwambia aanze na kitabu cha herufi, kisha cha rangi, kisha kile kinachoeleza jicho linavyotembea juu ya ukurasa, na asiguse mashine kabla hajafika mwisho. Anacheka, anasema ninaongea kama mwalimu. Laiti ningekuwa. Siku ile mjomba hakunishika mkono. Nilikata mwenyewe, kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko kusema hapana. Nimezeeka nikichora vibao vya hoteli na vinyozi, na katika maisha yangu yote sijapanga hata ukurasa mmoja wa kitabu.