Joto lilipanda kabla ya moto: project yangu ya mechanical engineering na daftari la Shangazi wa Ipole

Wakuu salaam, na mlionizidi umri humu ndani shikamooni.

Kila msimu wa maombi ya vyuo naona nyuzi za "nisome engineering gani". Civil, mechanical, electrical, watu wanakaribia kushikana mashati. Mimi nimemaliza mechanical, na kilichotaka kunikwamisha sijakiona kwenye uzi hata mmoja. Siongezi chumvi, maana aibu yenyewe ni yangu.

Kwetu ni Mtendeni, Tabora mjini. Mzee wangu ni fundi baiskeli. Nilipochaguliwa alitangaza mtaa mzima kuwa mwanawe anakwenda kusomea uinjinia. Kesho yake nikaletewa feni mbovu na pasi mbili. Nikamwambia jirani kwamba hata chuo sijaripoti. Akasema hamna shida, atasubiri.

Tuyaache hayo.

Mwaka wa nne kuna project. Ukiikosa huhitimu, unarudia mwaka.

Mimi nikachagua bani, lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto. Sababu ni Shangazi Mwajuma, dada yake mzee, aliyeolewa Ipole kule Sikonge. Kila msimu anahangaika na kuni za kukaushia tumbaku yake, na kila mwaka miti inazidi kuwa mbali. Nikachora jiko jipya la bani, tumbaku ikauke vilevile ila kuni zipungue.

Msimu wa kukausha ulipofika nikaomba ruhusa, nikaenda Ipole, nikalijenga. Ndani nikatundika kidude kinachorekodi joto chenyewe kila dakika tano. Shangazi nikampa daftari, kwamba mchana kila akiongeza kuni aandike saa na idadi ya magogo.

Asubuhi ya kuwasha moto simu yangu ilikuwa imezima chaji, na kidude kinataka kiwekewe saa. Nikamuuliza Shangazi saa ngapi. Akaangalia saa yake ya mkononi, akanitajia. Nikabonyeza, moto ukawashwa, kesho yake nikarudi chuo. Wiki iliyofuata daftari na kidude vikanifuata kwa basi.

Nikachora graph ya joto. Nikachora na ya kuni. Zote nzuri. Nikapeleka kwa supervisor wangu, mama mmoja mkali, hapa tumwite Madam.

Madam akafanya kitu ambacho mimi sikukifanya. Akazipandisha graph mbili kwenye karatasi moja.

Akaniangalia juu ya miwani.

"Hapa joto linapanda saa sita nzima kabla kuni hazijawekwa. Hii data umepika."

Niliapa, nikajieleza, nikaishia kubabaika. Akanipa mpaka Ijumaa nilete maelezo, la sivyo hasaini. Na tumbaku msimu ulikuwa umeshakwisha, hakuna hata jani la kurudia jaribio. Nilikaa kwenye ngazi za jengo nikalia. Sioni haya kusema.

Kibaya zaidi, nikaanza kumshuku Shangazi. Nikajua tu amejaza daftari lote siku ya mwisho, kama sisi tunavyojaza logbook za field kwa mkupuo. Mnajijua.

Nikampigia. Nilijaribu kuuliza kwa adabu lakini Shangazi si mtoto.

"Kwa hiyo mimi mwongo?" akasema. "Mimi nakula kwa saa yangu na naswali kwa saa yangu. Hicho kidude chako ulikiwekea saa ya nani?"

Nikamwambia ni yake hiyohiyo, si alinitajia mwenyewe.

"Nilikutajia saa tatu na robo."



Wakuu, mimi nilibonyeza 03:15. Jua limepanda, watu wamekunywa chai, na mimi mtu wa mwaka wa nne nikakiambia kidude kwamba ni alfajiri! Kidude hakijui Kiswahili, kikaamini. Daftari nalo niligeuza saa zake vizuri kabisa liliponifikia chuo, saa mbili asubuhi nikaandika 08:00. Ndiyo tofauti ya saa sita.

Ijumaa nikaenda. Madam akasikiliza, akasema kusogeza graph saa sita hata mpika data angeweza. Nikampa daftari lenyewe.

Mimi mle nilichukua hesabu za kuni tu. Mengine niliyaona porojo za Shangazi. Madam akaanza kuyasoma, kidole kimoja kwenye daftari, kingine kwenye graph niliyoisogeza.

Saa saba na nusu, nimefungua mlango kumwonyesha wifi yangu majani. Kwenye graph, 13:30, joto limeshuka kidogo likapanda.

Saa kumi, mvua kubwa, paa linavuja. 16:00, limeshuka.

Kesho yake saa tano, mbuzi kasukuma mlango, nimemchapa. 11:00, kuna kishimo kidogo.

Madam akacheka, mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Data unaweza kupika," akasema. "Mbuzi huyu hukumpika." Akasaini.

Kuni zilipungua kweli, si kwa kiasi nilichojisifia kwenye proposal, lakini zilipungua. Msimu huu majirani wawili wa Shangazi wameniita niwajengee, na ajira bado natafuta ila sijakaa bure. Shangazi nilimwomba radhi. Alinisamehe baada ya kunisema robo saa nzima.

Madogo mnaouliza kozi, someni yoyote mnayoipenda. Ila anayekusaidia kazi akikuandikia maneno matano, usisome mawili ukamshuku kwa matatu uliyoyaruka.

Siku ya mahafali Shangazi alifunga safari kuja. Nikamwambia sherehe inaanza saa tatu.

"Tatu ya kwako au ya kwangu?"

"Ya kwako, Shangazi."

Alifika saa mbili na nusu, akakaa mstari wa mbele.

Haya, uwanja ni wenu. Wapishi wa logbook, tuanze na ninyi.