Dakika Tatu za Muziki wa Mbio

Pale Kapata, mjini Kolwezi, ukiuliza nyumba ya Kapinga, watakuuliza wewe kwanza: yule wa kinanda? Miaka ishirini alikuwa akipiga kinanda parokiani na kufundisha manota kwenye shule ya sekondari, na nusu ya watu wazima wa kitongoji kile walipita mikononi mwake wakiwa watoto wa kwaya. Baba yake, marehemu Mbuyi, alikuwa mpiga tarumbeta wa fanfari, bendi ya kampuni ya migodi, enzi zile nyumba za wafanyakazi zikipakwa rangi kila mwaka. Ndiye aliyemfundisha Kapinga kusoma muziki. Mtu akikosea nota kwa uzembe, mzee aliweka tarumbeta chini akaondoka, asirudi siku hiyo. Kapinga alirithi masikio ya baba na hasira ya baba, vyote viwili bila kupunguzwa.

Januari moja Gradi alikuja nyumbani kwake. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Kolwezi, aliyekwenda kujifunza kamera Kinshasa akarudi na filamu ya mapigano kichwani: majambazi wanateka malori ya kobalti, na dereva mmoja aliyefukuzwa kazi anawafuata kwa pikipiki. Alikaa kwa adabu, akanywa chai, akasema hataki muziki wa kuokota kwenye intaneti kama wanavyofanya wenzake. Alitaka muziki uliozaliwa hapahapa. Maneno hayo yalimwingia Kapinga. Hakuna aliyewahi kumwomba muziki ambao haukuwa wa misa au wa harusi.

Kosa lake, kama lilikuwa lake, ni kwamba alikubali kuandika bila kuona picha. Gradi alisema bado anazikata, tena ni nzito, haziwezi kutumwa kwa simu. Alimletea karatasi yenye orodha ya matukio na urefu wa kila moja. Tukio la kumi na saba liliandikwa hivi: mbio za pikipiki na lori, dakika tatu na sekunde kumi, moto mwanzo mpaka mwisho, mwishoni shujaa anaruka na kushinda.

Wiki sita Kapinga aliandika. Alitoka shuleni mchana, akaketi mbele ya kompyuta mpaka umeme ukatike, na umeme ulikatika karibu kila siku. Nyaya za kutoka bwawa la umeme la Nzilo zilipita zikielekea migodini, na yeye chini yake akitukana kwa Kiluba, kazi yake ikiwa imepotea katikati ya mstari. Kesho yake alianza tena.

Tukio la kumi na saba ndilo lililomshika zaidi. Hakutaka ngoma za dukani. Alitaka chuma cha Kolwezi. Akaenda kwa mama yake, Mama Tshiela, akaazima nondo ambayo Beya alikuwa akichimbia.

Beya alikuwa mdogo wake Kapinga. Alichimba kobalti Kasulo, ndani ya chumba cha nyumba ya kupanga, kama walivyochimba majirani wote wa mtaa ule. Siku shimo lilipoporomoka walikuwa watatu chini. Wawili walitolewa. Beya hakutolewa, na nondo hii ilibaki kwa sababu asubuhi ile alichukua nyingine iliyonolewa. Kapinga aliipiga juu ya jiwe nyuma ya jiko la mama yake, akarekodi, akaufanya mlio ule kuwa mapigo ya muziki wake wote wa mbio. Juu yake akaweka tarumbeta mbili za wazee waliobaki wa fanfari. Alipousikiliza umekamilika, alisimama akacheza peke yake chumbani. Alijua hajawahi kuandika kitu kizuri kama kile. Alijiambia kwamba Beya naye angecheza.

Mwezi Machi Gradi alimwita mjini, kwenye chumba chake nyuma ya duka la dawa, aone picha kwa mara ya kwanza.

Mbio zilianzia barabara ya lami, zikaingia Kasulo. Wachimbaji wanne walionekana wakishuka shimoni chini ya turubai, mmoja akicheka. Kisha pikipiki ikapita kati ya nyumba, lori likaifuata, likavunja turubai na mbao, ardhi ikabomoka. Mkono mmoja ulionekana, ukapotea. Hapo hapo tarumbeta zikapanda, nondo ya Beya ikigonga, na shujaa akaruka juu ya lile shimo na pikipiki yake akatua upande wa pili. Gradi hakuwa anaitazama picha. Alikuwa akiutazama uso wa Kapinga, akitabasamu, akingojea afurahi.

Kapinga aliomba irudiwe. Mara ya pili aliitazama akiwa amesimama.

"Aba batu banne benye kuingia mu shimo," alisema, "banaishia wapi?"

"Banakufa, mama. Lakini histoire ya filamu haiko yao. Histoire iko ya ule wa pikipiki."

Kapinga akamweleza habari za Beya. Alimweleza kwa ufupi, kama mtu anayesoma tangazo. Gradi aliinamisha kichwa, akasema pole, na ilionekana ni pole ya kweli. Kisha akasema neno ambalo Kapinga hakumsamehe.

"Sasa naelewa juu ya nini muziki yako iko na nguvu vile."

Kapinga alichukua mkoba wake akatoka. Alitembea mpaka Kapata kwa miguu, jua la saa saba likimpiga, na hakuisikia njia.

Kwa hasira hiyo aliandika upya. Muziki ulikwenda mbio kama awali, lakini turubai likianguka, ulikatika. Sekunde arobaini hapakuwa na kitu ila sauti ya udongo. Halafu tarumbeta moja, chini kabisa, isiyoshangilia mtu. Gradi aliusikiliza akasema ni mzuri, ila unaua filamu. Watu wanakuja ukumbini kufurahi, si kulia. Wakabishana wiki nzima kwenye simu. Mwishowe Kapinga akamwendea Tata Nasoro, mfanyabiashara wa usafirishaji aliyetoa malori yake yatumike kwenye filamu. Nasoro alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mzima aliyezika madereva wawili. Alimpigia Gradi simu mbele ya Kapinga, na Gradi akaahidi, sauti yake ikisikika wazi chumbani, kwamba ataweka muziki mpya. Kapinga akaamini.

Filamu ilionyeshwa Kolwezi Jumapili moja ya Mei, mara mbili: saa nane mchana na saa kumi na moja. Kapinga alikwenda ile ya kwanza na mama yake. Mama Tshiela alivaa kitambaa chake cha sikukuu na kuwaambia waliokaa karibu kwamba muziki ni wa binti yake.

Tukio la kumi na saba lilipofika, Kapinga alingoja muziki ukatike. Haukukatika. Turubai lilianguka, mkono ukapotea, tarumbeta zikapanda, na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Vijana walisimama juu ya viti. Muziki ulikuwa ukiwaambia wafurahi, nao walifurahi. Kapinga aliona mguu wake mwenyewe ukigonga sakafu, akausimamisha kwa mkono.

Mama Tshiela hakupiga makofi. Alikuwa ameinamisha sikio.

"Kapinga," aliuliza, "iyo chuma iko ya Beya?"

"Ndiyo, mama."

Mama akaomba atolewe nje.

Kapinga alimtoa, akamkabidhi kwa jirani mwenye gari aliyekuwa anarudi Kapata. Gari lilipoondoka alibaki amesimama kwenye vumbi la uwanja. Hakumtafuta Gradi. Alirudi ndani akaenda moja kwa moja kwa Dodo, fundi wa sauti, ambaye ndiye aliyewaendeshea vyombo kila tamasha la parokia. Filamu ilikuwa bado haijaunganishwa sauti zake. Kazi hiyo ingefanywa Lubumbashi. Kwa hiyo maneno ya waigizaji na vishindo vilipita kwenye mstari mmoja wa mikseri, na muziki kwenye mstari mwingine. Kapinga alimwomba amwonyeshe wa muziki. Dodo akamwonyesha, akauliza kama Gradi anajua.

"Atajua," alisema Kapinga, akavuta kiti.

Saa kumi na moja ukumbi ulijaa tena. Kapinga hakuharibu chochote. Aliuendesha muziki wake vizuri kuliko ulivyoendeshwa mchana, akiushusha watu walipozungumza, akiupandisha milango ilipovunjwa. Tukio la kumi na saba lilipoanza aliuacha ukimbie, na watu wakaanza kupiga miguu chini. Turubai lilipoanguka aliuvuta mpaka sifuri.

Ukumbi ulisikia udongo. Ulisikia mbao zikivunjika na sauti ya mtu ikiita jina mara moja. Shujaa aliruka, pikipiki yake ikatua kwa mlio wa pikipiki yoyote iendayo sokoni. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamume mmoja safu ya pili akasema, bila kupaza sauti, "Basi bale banabakia mule." Mwanamke mmoja akainuka akatoka, kisha mwingine. Katika ukumbi ule wa Kolwezi haikuwa rahisi kukosa mtu mwenye ndugu chini ya ardhi.

Gradi alikuja mbio kando ya ukuta akitaka mstari upandishwe. Kapinga aliushikilia chini kwa vidole viwili mpaka dakika tatu na sekunde kumi zikaisha. Tukio la kumi na nane lilipoanza akaupandisha, akamwachia Dodo kiti.

Nje Gradi alimfokea mbele ya watu. Alisema amemwaibisha, amekata kichwa cha filamu yake, na kwamba mama wa kanisa hafanyi vile. Kapinga alimwacha amalize.

"Mi nilikuandikiaka mbio," alisema. "Weye ukanichezesha ngoma mu kilio ya ndugu yangu. Na mama yangu alikuwa anaketi pale."

Gradi aliondoka na wenzake.

Filamu iliunganishwa sauti Lubumbashi na muziki wa kwanza, bila jina la Kapinga. Ilikwenda Likasi, ikaenda Kinshasa, ikapendwa. Vijana wa pikipiki wa Kolwezi wakauweka ule muziki kwenye simu zao. Padri alimwomba Kapinga asamehe. Akajibu kwamba misa atapiga kama kawaida, hilo jingine asimwombe. Baadhi ya watu wa kwaya walisema alimwonea kijana aliyekuwa anajaribu kitu. Wengine walimletea Mama Tshiela unga na mafuta bila kueleza kwa nini. Kapinga anausikia muziki huo kila wiki, kituo cha mafuta, sokoni, na mwili wake bado unataka kucheza kwa sababu ni muziki mzuri. Hilo humkasirisha kuliko yote.

Mwaka uliofuata, mwezi Februari, Gradi alimpigia simu. Alikuwa na filamu ya pili, na safari hii angetuma picha kwanza, zote. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejizoeza maneno. Kapinga alimwambia aende kwanza kwa Mama Tshiela, akae, amweleze tukio la kumi na saba kwa mdomo wake, toka mwanzo mpaka mwisho, na ile nondo ikiwa pale ukutani. Baada ya hapo wataongea habari za picha.

Gradi alisema atakwenda mvua zikipungua, barabara ya Kapata ni matope. Mvua zimekwisha. Vumbi limerudi mpaka kwenye majani ya mihogo. Mama Tshiela hajapata mgeni.