Kilo Zilizoliwa na Bomba la Kisima

Tulipomzika mzee wangu, baba wa watoto wangu, sikuhisi kitu. Watu walinishika mkono, nikautazama kama mkono wa mtu mwingine. Nililala, nikaamka, nikapika uji, nikasahau kuunywa. Ndivyo nilivyokuwa siku binti yangu alipotoka mtaa wa Kileleshwa kuja kuniambia nihamie kwake ghorofani.

Sababu yake ilikuwa kisima. Kwetu, nyuma ya Dagoretti Corner, maji ya mfereji yalikuja yakipenda, kwa hivyo tulitegemea kisima alichochimba mzee. Juu yake alilaza bomba jembamba, likashikwa na nguzo mbili lisitikisike, akalivisha bomba nene lenye mkono wa chuma. Ukizungusha huo mkono, bomba nene linazunguka juu ya lile jembamba, kamba inajiviringisha, ndoo inapanda. Mzee ndiye aliyekuwa akizungusha. Sasa nilijaribu mimi, binti yangu akitazama, na ndoo ikakwama katikati. Nikaiachilia ikarudi chini.

"Mama, huwezi kukaa mahali huwezi kujitekea maji," akasema.

Hakukosea. Lakini Kileleshwa naijua, nimelea wajukuu huko. Unamsikia jirani akivuta maji ya choo na sura yake huijui. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilimwambia tu kwamba Jumamosi nikishindwa tena, nitaenda.

Jumamosi akaja na msichana wake, mjukuu wangu wa kwanza, aliyekuwa akisomea uinjinia chuo kikuu pale mjini. Mimi niliachia darasa la tatu, kwa hivyo nikisema huyu ni mjukuu wangu, nasema watu wasikie. Alikuwa ameazima mizani ya kuning'iniza kwa buchari, ile ya kupimia nyama. Mama yake akamuuliza kama anataka kumuuza shosho, yaani mimi bibi yake, kwa kilo.

Yeye wala hakucheka. Alining'iniza ndoo imejaa, akafunga mizani kwenye ncha ya ule mkono wa chuma, akavuta polepole mpaka bomba likaanza kusogea, akasoma. Akapima urefu wa mkono na unene wa bomba, akapiga hesabu. Akanieleza kwamba kwa uzito wa ndoo peke yake, mizani ingesoma karibu nusu ya ilivyosoma.

"Shosho, ndoo si nzito," akasema. "Nusu ya nguvu yako inaliwa humu ndani, bomba likisugua bomba."

"Basi fungua tuone nani anakula."

Tulilichomoa lile nene. Ndani mlikuwa na mafuta meupe, magumu kama mshumaa, yamejaa vumbi na majivu. Nikaelewa. Wiki ya matanga akina mama wa kanisa walikuja kupika, wakateka maji kutwa, na bomba likawa linalia wakati pasta anaomba. Mmoja wao akachukua mafuta ya chapati yaliyobaki, akayashindilia humo. Kelele ikaisha, wote wakamsifu. Kisha baridi ya Julai ikayagandisha.

Binti yangu alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi niliyatazama tu. Chapati hizo nilizila, na sikumbuki ladha yake.

Mjukuu alishuka mjini, River Road, kutafuta grisi ya mashine. Mimi na mama yake tukabaki tukisugua mabomba kwa matambara na mafuta ya taa. Msichana aliporudi alipaka grisi, akayavisha, akapima tena. Nguvu iliyokuwa ikiliwa na mabomba ilikuwa imepungua sana hivi kwamba alisoma mara mbili. Akaweka mizani chini, akanipisha.

Nikazungusha. Ndoo ikapanda bila kusimama, nikaikamata, nikaiweka ukingoni.

Binti yangu aliitazama. "Na usiku utalala na nani?"

"Peke yangu."

"Na ukiugua?"

"Nitakupigia simu. Wewe utakuja."

Akaibeba ndoo, akaingia nayo jikoni. Mimi nikateremsha ndoo nyingine, maana walikuwa wageni wangu na hawakuwa wamekunywa chai.