Fimbo ya Kipini, Mkuki wa Malishoni, Mieleka ya Kwetu

Wanaume wa kwetu wakishiba hubishana juu ya kupigana. Huyu atasema fimbo, yule atasema mkuki, wa tatu atasema mieleka ndiyo mama wa yote, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukabwa koo na mtu mwenye kisu. Mimi ni mwanamke, sijapigana na mtu tangu utotoni. Lakini hayo mambo matatu nayajua, mawili niliyaona yakifundishwa kwangu, kisha yote nikayaona yakitumika. Kwa hiyo nikiwasikia wakibishana huinuka nikaondoka. Sasa nimechoka kuondoka, ndiyo maana nasimulia.

Miaka ile, kabla serikali haijaweka watu wake Kipini, sisi wakulima wa Tana ya chini tuliishi roho mkononi. Watekaji walikuja kiangazi, mto ukipungua na nyasi zikikauka. Msiniulize walikuwa kabila gani. Walikuwa mchanganyiko, watoro wa huku na huku, wenye visu virefu na kamba, na walichotaka ni wanawake na watoto wa kwenda kuuza pwani. Dawa yetu ilikuwa moja tu, mto wenyewe. Ukisikia ukelele unambeba mtoto, unaingia mtumbwini, unavuka ng'ambo, unajificha kwenye matete mpaka wachoke na kwenda zao. Mitumbwi yote tuliilaza upande wa kijiji, na ole wake aliyeacha mtumbwi wake ng'ambo. Watu wa malishoni walitucheka kwa hilo, wakasema sisi kazi yetu kukimbia. Ni kweli tulikimbia, na wengi wetu tukabaki hai.

Mdogo wangu hakuwahi. Alikuwa shambani akifukuza ndege kwenye mpunga, mbali na maji, wakamkuta huko. Tulichokiona baadaye ni kombeo lake chini na mpunga uliokanyagwa. Mama yetu aliacha kula, na mvua zilizofuata hakuziona. Baada ya hapo mume wangu alimtazama binti yetu, ambaye ndiye mtoto pekee tuliyebaki naye, meno ya mbele ndiyo kwanza yameng'oka, akaniambia, "Mama mwana, huyu hawamchukui. Mto hautoshi. Mimi najifunza kupigana."

"Na nani atakufundisha, vyura?" nikamjibu. Mdomo wangu ulikuwa mkali tangu hapo.

Kesho yake alikwenda kumtafuta mtu wa Kipini aliyekuwa akija kwetu kununua mpunga. Mtu huyo alikuwa fundi wa kirumbizi, ule mchezo wa fimbo wanaoucheza watu wa pwani harusini, ngoma ikipigwa na zumari ikilia. Alikubali kufundisha kwa chakula na mahali pa kulala. Basi uani kwangu pakawa hapapitiki. Asubuhi nataka kuanika mpunga, wao wanazunguka, fimbo zinagongana, kuku wamekimbilia paani.

Niseme haki ya Mungu, fundi alikuwa anajua. Alimfundisha mume wangu kutoitazama fimbo bali bega, kwa sababu bega ndilo linalotangulia kusema. Alimfundisha kukinga juu, kukinga ubavuni, na kutokuvuka miguu wakati wa kurudi nyuma. Kwa muda mfupi mume wangu, aliyekuwa mzito kama gogo la mtumbwi, akawa mwepesi. Binti yetu naye akaokota kijiti akawa anamwigiza baba yake nyuma yake, mabega juu, uso umenuna, mpaka fundi mwenyewe akashindwa kujizuia kucheka.

Lakini mimi nilikuwa nimeketi pale napepeta, nikaona jambo. "Fundi," nikamwambia, "mbona mnaanza kwa kusalimiana kwa fimbo, kisha unampa nafasi, naye anakupa nafasi? Watekaji nao watakuja na zumari?"

Fundi alikuwa mtu muungwana. Alifikiri kwanza, akasema, "Dada yangu, hii ni fimbo ya heshima. Inamfundisha mtu macho na miguu. Mtu mwenye panga asiye na heshima ni habari nyingine." Nikashukuru kwamba hakunidanganya. Mume wangu alinikasirikia, akasema namvunja moyo.

Fundi aliporudi Kipini, mume wangu akashika njia ya pili. Kiangazi wafugaji wa Kiorma huleta ng'ombe mtoni kunywa, na palikuwa na mmoja, mtu mzima, mrefu, mwenye kovu shavuni, ambaye tulikuwa tukibadilishana naye maziwa kwa mahindi. Huyo alimfundisha mkuki na ngao. Ngao ilikuwa ya ngozi ya nyati, nzito, inanuka. Alimsimamisha mume wangu upande, bega la kushoto mbele, akamwonyesha kuchoma na kuvuta, kuchoma na kuvuta. Alimkataza kabisa kuurusha. Ukiurusha, alisema, umempa mwenzako mkuki wa pili.

Hapo nikapata matumaini kidogo, sifichi. Mkuki ni mrefu, unamweka adui mbali, na hauna salamu. Nikaona mume wangu anasimama vingine, kifua kimefunguka. Lakini siku moja Muorma yule alitembea naye kutoka kijijini mpaka pale tulipofunga mitumbwi. Njia yetu ilikuwa nyembamba, migomba huku, miwa huku. Akasimama katikati, akageuza mkuki kulia, ukagonga mgomba, akageuza kushoto, ukanasa kwenye miwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini siku hiyo nilikielewa chote. "Mkuki nataka pahali wazi," alisema. "Hapa ndizi tu. Mimi kwangu nikizidiwa, naswaga ng'ombe, naenda. Wewe shamba yako haina miguu."

Tungefyeka ile migomba? Ndiyo chakula chetu, na ndiyo iliyotuficha tulipokimbia. Jioni mume wangu akataja upinde na sumu ya wawindaji wa msituni, nikamwambia sumu hailali nyumba moja na mwanangu, na hilo likaisha. Bunduki tusizitaje, nani angetupa.

Ikabaki mieleka, ambayo hakuhitaji kufundishwa. Sisi watu wa mto hushikana mieleka mchangani tangu tukiwa hatujajua kuvaa, na kwa mkono wa mkulima, uliozoea jembe na pondo la mtumbwi, mume wangu hakuwa na mwenzake kuanzia Golbanti mpaka chini huko. Aliniambia, "Fimbo itanipa macho, mkuki utanipa umbali, na yakishindikana yote mawili, namkumbatia." Tukapanga. Ukelele ukilia, mimi na mtoto mtumbwini. Yeye atasimama mwisho wa njia, penye mchanga, awazuie mpaka tufike katikati ya maji, kisha aruke aogelee. Nilimwomba akimbie nasi kama kila mtu. Alisema mtu anayekimbia kila mwaka, mwaka mmoja atajikwaa.

Walikuja asubuhi, jua limeshapanda, tukiwa tunatwanga. Ukelele ulitoka upande wa mashamba. Nilimbeba binti yangu kiunoni nikapita mbio kwenye migomba, nikamweka mtumbwini, nikausukuma. Watu wengine walikuwa wameshaanza kuvuka. Mume wangu alisimama pale tulipokubaliana, ngao kushoto, mkuki kulia, fimbo ameichomeka mgongoni.

Aliyetangulia kutoka njiani alikuwa kijana, si mkubwa wa mwili, ana kisu kirefu. Mume wangu alimchoma, yule akajirusha nyuma ya mgomba, mkuki ukazama kwenye shina ukakwama. Ukamtoka mkononi. Akatupa ngao, akachomoa fimbo, akakinga pigo la kwanza vizuri kabisa, kama alivyofundishwa, macho begani. Pigo la pili likaikata fimbo. Mume wangu akamwingia kifuani, akamkumbatia, akamnyanyua, na kisu kikaangukia mchangani. Akampiga mweleka wa haki, mgongo wote chini, hata mimi nilisikia kishindo.

Akamwachia.

Kwetu mgongo ukigusa mchanga mchezo umekwisha. Unamwachia mwenzako palepale, unarudi nyuma, unafungua mikono watu wote waone huna kinyongo. Anayechelewa kuachia huonwa mtu mbaya, na binti haposwi kwake. Mume wangu alikuwa amefanya hivyo tangu utotoni, mamia ya mara. Siamini kwamba aliwaza. Mikono yake ndiyo iliyojua, na mikono yake ilifunguka. Alirudi nyuma akasimama pale, mikono wazi, mbele ya mtu aliyekuja kutuuza, akimngoja ainuke.

Na kuna jambo jingine kwetu. Mtu akishinda, watoto wake hukimbilia mchangani kumshika miguu. Binti yangu alikuwa amekaa mbele mtumbwini, maji bado ya magotini, nami nimempa mgongo nusu nikisukuma pondo. Aliona baba yake amemwangusha mtu, ameachia, amefungua mikono. Alipiga vigelegele akaruka. Nilishika nguo yake, ikabaki mkononi.

Kijana yule aliinuka na kisu. Mume wangu alikaa chini polepole, akashika tumbo, akanitazama mimi. Binti alikuwa ameshafika miguuni kwake. Wa pili alitoka kwenye miwa akamwokota kwa mkono mmoja. Niliruka majini, nikafika ufukoni, nikakuta mchanga, na mume wangu anayejaribu kusema jambo asiloweza. Nilikimbia na njia ile nikiita mpaka sauti ikakatika. Walikuwa wameshaingia msituni.

Fundi wa Kipini aliniulizia pwani yote, Lamu na visiwa vyake, kwa moyo wake mwema. Muorma aliulizia malishoni. Baadaye serikali ilipokuja na kuuza watu kukakatazwa, wengine walirudi, mmoja mmoja, wamekonda, wengine wamesahau lugha. Kila nikisikia kuna waliorudi nilikwenda kuwatazama nyuso, mpaka wenyeji wakanizoea. Mdogo wangu hakuwamo. Binti yangu hakuwamo. Kama yu hai ni mama wa watu sasa, na huenda tukipishana njiani hatujuani.

Watu huniambia nishukuru kwamba hakuwa anaogopa. Wanamaanisha wema. Neno la mwisho nililolisikia kinywani mwake, akiwa hewani kati ya mtumbwi na maji, lilikuwa, "Baba kashinda." Nimejaribu kulishika neno hilo kwa miaka yote hii linipoze, na halijanipoza hata siku moja.