Mahindi Niliyoyazima

Siku ile tulikuwa wanne barazani kwetu Waa: mimi, mdogo wangu Mwanasha anayesomea kilimo, na majirani wawili, Mzee Hamisi na Bi Mejumaa, waliokuja kujua wapande lini kabla mvua hazijaanza.

"Dada, kompyuta inakuza mahindi ya kuigiza, ya misimu arubaini kwa mkupuo, ituonyeshe siku nzuri ya kupanda," Mwanasha alikuwa ameniambia juzi yake. "Usiiguse mpaka imalize."

Mimi niliacha shule mapema, wazazi walipofariki, niwalee wadogo zangu. Tangu hapo huzima kila kinachowaka bure. Nilipochungulia niliona kioo cheusi: hakuna jani wala picha, ila mstari mmoja wa maandishi. Nikajua imemaliza. Nikaizima, nikaifunika kitambaa, nikajisifu.

Mwanasha akaifunua mbele ya wageni, akaiwasha, akashika kichwa.

"Vipi, mwanangu?" akauliza Mzee Hamisi.

"Yamekufa yote, mzee. Tuanze upya, siku mbili."

"Yameuawa na ukame?"

"Yameuawa na dada."

Bi Mejumaa alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Nikaahidi kumlimia kila jirani siku mbili, kufidia zile mbili za kungoja. Kwa Bi Mejumaa nimemaliza. Kwa Mzee Hamisi bado, na kila apitapo huuliza kama jembe nalo nimelizima.